Kipepeo wa Kumleta Mama

Jumatatu, 12 Mei 2025
Mama, daftari hili nitampa kondakta wa basi la Mbagala akuletee, maana simu yako haipatikani. Nitaandika yote, hata ya aibu.

Asubuhi kipepeo aliingia kwa kina Zamda. Jioni mjomba wake akashuka kutoka Dar, na mikate! Bibi anasema ndivyo ilivyo, kipepeo akiingia ndani mgeni yuko njiani. Kwetu hajaingia hata mmoja tangu maji yachukue mpunga nawe ukaondoka. Keshokutwa darasa letu linakwenda msitu wa vipepeo. Nina mpango.

Jumatano, 14 Mei
Mzee Mfaume, mlinzi wa msitu, alitusomea masharti. Tusitoke njiani. Tusikimbize. Tusishike. Niliyakariri kuliko wote. Yanakataza kushika, hayakatazi kutuliwa. Kwa hiyo nikapaka ushungi wangu ndizi mbivu niliyobeba. Nikapata nzi kumi na mmoja. Kipepeo akatua kwa Zamda, aliyesimama tu. Zamda akaniuliza kama mimi, kiranja wa mazingira, siku hizi nafuga nzi.

Wakati wa kuondoka nikajifanya nafunga kiatu. Mmoja mkubwa, mweusi wa madoa ya njano, alikuwa akigusagusa majani machanga ya mndimu. Nikamfunika kwa mkebe wa kompasi.

Alhamisi, 15 Mei
Jana nilifungua mkebe mlangoni. Kipande cha bawa kikabaki ndani. Kipepeo akavuka kizingiti kwa miguu. Sijui kama inahesabika. Nikatandika kitanda chako.

Leo asubuhi alikuwa amekufa. Jioni, hodi. Nilikimbia, Mama. Alikuwa Mzee Mfaume. Zamda aliniona msituni, akamleta. Bibi akampakulia wali niliokuwekea wewe.

Hakunigombeza. Aliuliza kipepeo nilimtoa wapi, nikasema kwenye mndimu. Akamweka kiganjani.

"Huyu jike, binti yangu. Alikuwa anatafuta pa kutagia."

Afadhali angenichapa.

Ijumaa, 16 Mei
Nimemzika nyuma ya jiko. Bibi akanikuta nalia, nikamweleza mpango wote. Akacheka kidogo, halafu akaacha.

"Kipepeo huleta mgeni. Mama yako si mgeni hapa."

Kumbe! Hapo ndipo nilipokosea.

Mzee Mfaume ameniruhusu kurudi Jumapili nikiahidi kufuata masharti. Nimeahidi. Mkebe nimeuosha, nikautoboa matundu ya hewa, ila sitautumia bila kuwa na hakika. Basi nijibu kwa basi hilohilo likirudi, Mama: umeshakuwa mgeni, au bado ni wa hapa?