Katoni ya Nyenje Mbele ya Kanisa

Leo nimejiaibisha mbele ya kanisa zima, na kipaza sauti kilikuwa kinafanya kazi vizuri sana.

Nina mijusi wawili nyumbani. Ni wale wadogo wa ukutani ambao wewe huwafukuza na ufagio. Hawa niliwaokoa siku fundi alipokuja kutupakia sebule rangi hapa Kitengela. Nikawatengenezea sanduku la kioo lenye kifuniko cha wavu, nikawawekea magome ya mti ya kujificha na balbu ndogo ya kuwapa joto. Mmoja anaitwa Chifu, mwingine Naibu. (Nina digrii mbili. Msinikumbushe.)

Shida ya mjusi ni kwamba hataki chakula kilichotulia. Anataka mdudu anayetembea. Kwa hivyo nafuga pia nyenje, wale wadudu wanaolia kwenye nyasi giza likiingia. Wanaishi ndani ya katoni yenye matundu, na humo nimewapangia trei tupu za mayai wapate vichochoro. Wanakula karoti na chakula cha vifaranga. Wanakula vizuri kuliko mimi.

Mke wangu Mwende alivumilia mpaka Jumatano, siku nyenje mmoja alipoonekana kwenye unga wa chapati.

"Baba Mutheu," aliniambia kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo mbaya, "nikipata mdudu mwingine mmoja ndani ya nyumba hii, hao mijusi wako wanaondoka siku hiyo hiyo."

Mwende ni mwalimu wa hesabu. Akisema mmoja, ni mmoja. Tangu Jumatano sijatulia. Naangalia chini ya sufuria. Nakung'uta viatu. Katoni nimeizungushia selotepu kama mzigo wa kwenda ng'ambo.

Leo asubuhi nilipiga deki chumba cha mijusi. Sakafu ikawa imelowa, nikahamishia katoni ya nyenje stoo kwa muda. Nikaiweka kando ya katoni nyingine iliyofanana nayo kabisa, zote zilikuwa za mafuta ya kupikia. Hiyo nyingine ilikuwa ya Mwende, trei tatu za mayai ya kienyeji. Kanisani kwetu mtu anaweza kutoa sadaka ya mayai, ndizi au kuku, halafu baada ya ibada vinapigwa mnada kwa ajili ya ujenzi.

"Baba Mutheu! Toa katoni stoo, funika na ile leso ya kijani!" Mwende alikuwa tayari ndani ya gari, anapiga honi. "Tumechelewa!"

Nikatoa. Nikafunika. Katoni ilikuwa nyepesi ajabu. Nikafurahi moyoni kwamba mazoezi yameanza kunisaidia. (Nimefanya mazoezi mara mbili.)

Niliipeleka mbele kwa mikono yangu, nikaiweka katikati ya mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa mguu kwa kamba. Nikarudi kwenye benchi nikiwa mtu wa heshima.

Kisha mchungaji mgeni, aliyetoka Kajiado na mkewe, akatuomba tunyamaze tuombe kimya kimya. Kanisa lote likanyamaza. Mabati yalikuwa yamepata jua. Chini ya leso kulikuwa na joto na giza. Nyenje dume akipata joto na giza anajua ni wakati wa kutafuta mke.

Kriii. Kriii. Kriii.

Moyo ulinishuka hadi kwenye soksi. Nilisimama. Mwende akanivuta koti.

"Unaenda wapi?"

"Nje."

"Nje ni nyuma. Mbona unaenda mbele?"

Nikakaa. Mchungaji akatabasamu, macho yamefungwa. "Hata viumbe wadogo wanamsifu Bwana."

"Amina!" tukajibu. Mimi nilijibu kwa nguvu kuliko wote, nikijaribu kumfunika yule mwimbaji.

Nilikuwa na njia moja tu. Ninunue ile katoni, niikumbatie, nikimbie.

Mnada wetu huendeshwa na Mzee Lekishon, mfugaji ambaye amezoea kuuza ng'ombe, na kila kitu anakiuza kama fahali. "Mayai ya Mama Mutheu! Kuku wa kutembea, si wale wa kufungiwa! Tuanze mia tano!"

"Elfu moja!"

Mwende alinigeukia polepole. "Hayo ni mayai yetu."

"Najua."

"Na unayanunua?"

"Ni sadaka."

"Elfu moja na mia mbili!" Huyo ni Kilonzo, jirani yangu, meno yote nje. Hakuwa na haja ya mayai. Ameona tu jasho langu.

"Kilonzo, wacha!"

"Jirani, kwani hayo mayai yako na nini?"

Tulipandishana hadi elfu tatu, ndipo akaniachia. Nikakimbia mbele. Lakini nilikuwa nimesahau desturi yetu. Siku tukiwa na mgeni, mshindi huwa anampa mgeni. Waimbaji walikuwa wameshaanza vigelegele. Mchungaji alikuwa amenyoosha mikono.

"Baba Mutheu anampa mgeni wetu!" akatangaza Mzee Lekishon.

"Hapana," nikasema. "Naenda nayo nyumbani."

Mchungaji akarudisha mikono mfukoni. Nyuma nikasikia mama mmoja akisema, "Ai! Hata mgeni?"

Mzee Lekishon alinitazama sana. "Nimeuza ng'ombe maisha yangu yote. Sijaona mtu akinunua ng'ombe yake mwenyewe kwa nguvu hivi. Hebu tuone haya mayai."

"Mzee, tafadhali..."

Selotepu ikatoka. Akainua trei ya kwanza.

Walikuwa karibu mia mbili. Waliruka kama mafuta yaliyomwagiwa maji. Waimbaji walipanda viti. Mchungaji alipanda mimbari. Jogoo alivuta kamba hadi ikakatika, akaanza kula, to, to, to, bila haraka, kama aliyealikwa.

Mzee Lekishon hakupanda popote. Aliniwekea kipaza sauti mdomoni. "Hii ni nini?"

"Ni chakula."

"Cha nani?"

Ningeweza kusema cha kuku. Jogoo alikuwa pale, shahidi mzuri kabisa. Lakini nilimwona Mwende, nikajua siwezi.

"Cha mijusi. Wangu. Wawili."

Kanisa likapumua kwa pamoja.

"Wako na majina?" akauliza Kilonzo kutoka juu ya benchi.

Sijui kwa nini nilijibu. Nadhani mtu akishashikiwa kipaza sauti hawezi kukaa kimya.

"Chifu na Naibu."

Kwenye benchi la pili, chifu wa eneo letu, yule wa serikali, akashusha miguu yake chini, akanigeukia. Naibu wake alikuwa kando yake.

Jogoo ndiye aliyeuzwa bei ya juu kuliko vyote leo. Kilonzo alimnunua, akampa mgeni.

Njiani Mwende aliendesha gari akiangalia mbele tu. Alifika nyumbani, akatoa mayai yake stoo, akayapeleka jikoni. Ndipo akasema, "Nilisema ndani ya nyumba. Kanisani sikusema."

"Asante, Mama Mutheu."

"Usinishukuru. Ile ya mmoja bado iko."

Sasa jua linazama. Chifu na Naibu wamebandika vidole kwenye kioo wakingoja chakula, na sina hata nyenje mmoja wa kuwapa. Au nilidhani sina. Mwende yuko bafuni anaoga. Mkoba wake wa kanisani uko hapa kitandani, zipu imefungwa.

Kriii.

Jamani, kama ni lazima mcheke, chekeni polepole. Huu mkoba una mifuko sita, na maji ya bafuni yamefungwa sasa hivi.