Mkalimani wa Kikorea wa Lushoto

Jumatatu, 4 Juni 2012

Msiba. Diski mpya za tamthilia ya Kikorea zimefika kutoka Dar bila sauti ya mtafsiri. Kikorea kitupu. Nimegundua hivyo banda langu la video likiwa limeshajaa akina mama wa sokoni. Rahabu, muuza karoti na mwimba kwaya wa Kilutheri, ameketi benchi la mbele na mama yake. Ng'ambo ya barabara Tobia, mwenye banda la kuonyesha mpira na filamu za ngumi, amesimama mlangoni kwake akingoja watu wangu watoke.

Hawakutoka. Nilishika maikrofoni nikatafsiri mwenyewe. Sijui Kikorea. Lakini nimetazama tamthilia hizi miaka mingi, na uso wa mama mkwe mwenye hasira hauhitaji kamusi. Watu walilia. Mama Hadija aliuliza nimejifunzia wapi. Nikasema Dar. Si uongo mkubwa, Dar nimefika.

Jumanne, 5 Juni

Nazidi kuamini Wakorea ni Washambaa waliopotelea mbali. Wana milima. Wana baridi. Kabichi kila siku, ila wao huitia chumvi na pilipili na kuiacha ichachuke, jambo ambalo mama yangu asingeliruhusu jikoni kwake. Mzee akipita, kijana huinama mpaka kiunoni. Hiyo ni shikamoo tu, imetiwa mgongo. Na mkurugenzi mwenye ghorofa refu kuliko mnara wowote wa simu bado anamwogopa mama yake. Mimi pia, na ghorofa sina.

Leo nimetumia elimu hiyo. Kwao, kijana akipenda humbeba msichana mgongoni. Jioni mvua imenyesha, njia ya kanisani utelezi mtupu. Nilimwendea Rahabu, nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia apande. Alinitazama. Akasema mwenye mguu mbovu ni mama yake.

Nimembeba Mama Rahabu hadi mlango wa kanisa. Njiani alinisimulia habari za marehemu mumewe, na kila nilipotaka kupumzika alikuwa hajafika mwisho. Rahabu alifuata nyuma ameshika viatu vya mama yake. Nilimsikia akicheka. Kicheko kizuri sana.

Mama yangu aliposikia alisema mkwe habebwi, huheshimiwa. Nikajibu bado si mkwe. Akasema kwa mwendo huo hatakuwa.

Jumatano, 6 Juni

Nimepata mbinu. Katika tamthilia binti anatakwa na kijana maskini mwenye pikipiki. Leo maskini alikuwa naye mgahawani. Akasema sentensi ndefu, uso mzito. Nikatafsiri: "Sauti yako kwenye kwaya, na harufu ya karoti mikononi mwako, vimeninyima usingizi."

Rahabu akajifunika kanga usoni. Mtu wa nyuma akauliza kama Korea kuna kwaya. Nikasema zimejaa.

Alhamisi, 7 Juni

Balaa. Jumatatu nilisema yule mkurugenzi mwenye ghorofa ni mjomba wa binti, kwa kuwa alimpa bahasha na ushauri. Leo kamvisha pete.

Mama Hadija alisimama mbele ya televisheni. "Mjomba anamwoa mpwa wake, na ninyi mnatazama?"

Nikaeleza kwamba kwa Wakorea mjomba ni neno la heshima tu. Akasema hata kwetu ni la heshima, ndiyo maana haoi mpwa. Akatoka. Nusu ya benchi wakamfuata.

Tobia amesikia. Ametangaza sokoni kwamba kijijini Kwai yuko Mkorea halisi, Bi Sunmi, anayefundisha wakulima kuotesha miche. Jumamosi atamleta bandani kwangu aulizwe. Kwa nia njema, kasema. Tobia hajawahi kuwa na nia njema.

Ijumaa, 8 Juni

Nimeomba umeme ukatike kesho. Nimemwambia mama naumwa. Akaleta majani ya mkaratusi, sufuria na blanketi ili anifukize. Nimepona.

Jumamosi, 9 Juni

Umeme haukukatika.

Bi Sunmi ni mwanamke wa makamo, mabuti ya mpira yenye udongo wa Kwai. Aliwaamkia wazee wote shikamoo. Mama Rahabu akamsalimu, "Onga mshi," naye akaitikia bila kukwama. Anajua mpaka Kishambaa.

Wakataka waonyeshwe tena vipande vya wiki hii. Nikatafsiri vilevile, ningefanya nini. Bi Sunmi alijifunika uso kwa kofia. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Mama Hadija akauliza kuhusu mjomba. Si mjomba, akajibu. Ni bosi wa kazini, hawana undugu wowote. Banda zima likashusha pumzi. Wakorea wakasafishika, nikachafuka mimi.

"Na yule maskini mgahawani," Tobia akauliza, "alimwambia nini?"

Bi Sunmi akasita. Akanitazama kwa huruma. "Alimwambia mhudumu alete bakuli mbili za tambi. Moja isitiwe vitunguu."

Walicheka mpaka bati likalia. Yeye akangoja watulie. Akasema kuna mahali sikukosea. Mama alipompigia binti simu, nilitafsiri, "Umekula, mwanangu?" Ndivyo hasa alivyosema. Akasema mama yake mwenyewe humuuliza hivyo kila akipiga kutoka Korea, na hakutegemea kulisikia neno hilo Lushoto. Akafuta macho. Akina mama nao wakafuta, Mama Hadija wa kwanza.

Nilibahatisha. Mama gani angeuliza jambo jingine?

Mlangoni Rahabu akanisimamisha. "Alen, yale ya karoti yalikuwa ya nani?"

Nikasema yangu.

"Basi uje uyaseme nyumbani, mama akiwepo."

Jumatatu, 11 Juni

Jana nilikwenda. Nimeyasema kwa mdomo wangu, nikigugumia, macho sakafuni. Mama Rahabu alinisikiliza hadi mwisho, akasema nitume wazee. Rahabu akanisindikiza mpaka barabarani. Usiku nimepiga magoti nikamwahidi Mungu sitasema tena lugha nisiyoijua.

Leo asubuhi mwenyekiti wa mtaa amepita sokoni. Wapima barabara wa Kichina wanafika kesho, na mkalimani wao amebaki Tanga na homa. Akauliza kama kuna mtu wa kusaidia. Akina mama wote wakanigeukia. Rahabu naye, karoti mkononi.

Nimewaza kwa kina. China na Korea ni majirani.

Nimeinua mkono.