Namba Ni Namba

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mambo! Bosi wetu, Mama Kaltumu, anamwoza binti yake Jumamosi hapa Arua. Chakula chote kitaagizwa kwa programu yetu. Ikienda vizuri, mmoja wetu anakuwa mkuu wa programu. Ama mimi Lemi, ama yule Drateru. Yaani mimi.

Kazi ni kuunganisha mifumo ya wauzaji wawili. Wa Arua unatuma hesabu kwa kilo. Wa Koboko, wa Mzee Swadiki, unatuma kwa mabeseni. Drateru anasema kila mfumo uandikiwe adapta yake, kama mkalimani mpakani, ili kwetu ndani kila kitu kifike kwa kilo. Mkalimani! Namba ni namba.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemaliza kabla ya chai. Nimefuta neno la kipimo, zimebaki namba tupu. Safi! Mama Kaltumu ameagiza kilo themanini za unga wa muhogo papo hapo. Drateru, bado anahangaika na adapta, akauliza beseni nimeligeuzaje kuwa kilo. Nikamwambia haraka haina baraka, ila polepole haina cheo. Alinuna. Raha iliyoje!

Ijumaa, 8 Agosti
Lori limekuja nyumbani kwa Mama Kaltumu. Jamani! Arua unga uliisha, programu ikaagiza Koboko. Mabeseni themanini! Tena si bapa: Mzee Swadiki hujaza hadi juu kuwe mlima, halafu anaongeza konzi. Sebule imejaa. Bibi harusi hana njia ya kutoka chumbani. Mama Kaltumu ananitafuta. Nimejificha chooni.

Jumamosi, 9 Agosti
Ukoo mzima wa bwana harusi umeshuka kutoka Dranya, waalikwa na wasioalikwa. Hakuna aliyelala njaa! Mzee Swadiki, mjomba wa bwana harusi, alisema unga wa harusi haurudi. Uliozidi iko zawadi yake, kila mutu abebe. Vigelegele! Mama Kaltumu alilia kwa furaha. Nikatoka chooni, nikacheza mbele kabisa.

Jumapili, 10 Agosti
Mkuu ni Drateru. Drateru! Eti wageni wameshukuru unga, siyo programu. Amri yake ya kwanza: nimwandikie adapta muuzaji mpya wa Aroi, anayeuza mbuzi wazima kwa kichwa. Nimecheka sana. Mama Kaltumu anataka kilo thelathini za nyama ya mbuzi kushukuru majirani. Nimeshaagiza huko Aroi, bila adapta yoyote. Thelathini! Kesho Drateru ataona nani fundi.