Kiwanja cha Roketi Basotu

Pascal Tluway aliipata biashara ya maisha yake kwenye karatasi iliyofungia maandazi. Kipande hicho cha gazeti kilisema Wamarekani wanatengeneza chombo cha kupeleka watalii anga za juu: kinapanda kilomita mia moja, abiria wanaelea hewani dakika chache, kisha kinarudi chini. Tiketi, dola laki mbili. Pascal alilamba mafuta vidoleni, akainua macho. Mbele yake uwanda wa Basotu ulikuwa umelala tambarare, hauna hata kisiki.

"Kiwanja kipo," akasema. "Wamebaki waumini."

Tumtendee haki. Pascal, mzaliwa wa Tumati, hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu chako hujui. Pascal ulimkabidhi mwenyewe, ukamsindikiza. Tena mkoa wa Manyara ulikuwa mpya siku zile, na kila aliyevaa tai aliitwa mwekezaji. Akavaa tai, akawasha pikipiki mpaka hotelini kwa Mama Kornelia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Chai?"

"Chai, na watu. Niitie wenye ng'ombe."

Walikuja wengi, wakiongozwa na Yonas mwenye mashine ya kusaga, mtu aliyependa utajiri kiasi cha kuuota akiwa macho. Pascal akasimama.

"Ndugu zangu, simba wa Serengeti wamechoka kupigwa picha. Mtalii wa kesho anataka kuiona dunia yenyewe, nzima, kwa juu. Ataondokea wapi? Hapa! Atalala kwa nani? Kwenu! Hisa moja, dume moja."

Mzee Gidahosh, mfugaji mwenye zizi kubwa kuliko wote, aliegemea fimbo yake. "Kijana, huyo mtu akipanda anafika wapi?"

"Hafiki popote, mzee. Anapanda, anaangalia, anashuka."

"Na analipa?"

"Analipa sana."

Gidahosh alicheka mpaka akafuta machozi. Lakini Yonas alikuwa ameshatoa dume, na jirani hakubali kuachwa nyuma na jirani. Kufikia Alhamisi madume manane yalikuwa kwenye zizi la Gidahosh, yakisubiri, kwa maelezo ya Pascal, "mkaguzi wa kampuni". Kwa kweli yalisubiri mnada wa Jumamosi, na Pascal baada ya hapo angekuwa Singida.

Ijumaa asubuhi Mama Kornelia alimmiminia chai, akainama karibu.

"Wenzako wamefika jana."

"Wenzangu gani?"

"Wawili, wana gari. Wamepima malisho ya Gidahosh kwa ile mashine ya miguu mitatu. Wanarudi Jumatatu na ramani."

Kikombe kilisimama njiani. "Wanataka kujenga nini?"

"Nitajuaje mimi? Waliuliza tu kama ardhi ni tambarare."

Pascal alitoka nje, akautazama uwanda. Wamarekani! Kumbe alikuwa amesema kweli bila kujua! Akaiona roketi imesimama, nyeupe, moshi chini yake, na watalii wamepanga foleni mpaka ziwani. Na yeye aende Singida na pesa ya madume manane? Mjinga gani huyo?

Akakimbilia kwa Gidahosh, akaomba auziwe malisho. Mzee aligoma. Malisho yale, alisema, ni ya baba yake. Pascal akamwachia madume yote ya hisa. Mzee akatikisa kichwa. Pascal akaongeza pikipiki. Mzee akaguna, akamwita Mama Kornelia aandike karatasi, kwa kuwa yeye hajui kuandika. Dole gumba likapigwa. Madume manane yakabaki pale pale zizini. Kilichohama ni pikipiki tu.

Jumatatu Pascal alisimama uwandani na tai yake, viatu viking'aa. Gari likaja kweli. Wakashuka wapimaji wawili, wakachomeka vigingi.

"Karibuni ardhini kwangu," akasema. "Roketi itasimama upande gani?"

Wakatazamana. "Roketi? Kaka, hapa linajengwa josho la kuogeshea ng'ombe. Hii ni ardhi ya kijiji."

Pascal akatoa karatasi, na kwa mara ya kwanza akaisoma: *Pascal Tluway anaruhusiwa kusimama hapa mpaka wageni watakapofika.*

Alirudi hotelini kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Wote walikuwepo. Yonas alikuwa amesharudishiwa dume lake na sasa alicheka kwa sauti kuliko wengine, kama mtu ambaye hakuwahi kudanganywa. Pascal akakaa. Pikipiki ilimuuma, lakini si sana. Kilichomuuma ni kwamba kwa siku tatu aliiamini roketi ile kuliko hata Yonas alivyoiamini.

Mama Kornelia akamwekea chapati mbili.

"Hebu niambie, mwanangu. Kweli kuna watu watapanda juu hivyo?"

"Kweli, mama. Hilo sikudanganya."

"Na wanaelea?"

"Wanaelea."

Kicheko kikakatika. Gidahosh akavuta benchi lake mbele. "Basi tueleze vizuri," akasema. "Leo bila dume."

Pascal akameza chapati, akaanza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya: kila sentensi ilitaka kuongezewa kidogo, na kila mara alijizuia. Aliwaeleza mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyeinuka.