Imenifaa, Haijanifaa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeweka kwenye jukwaa letu la mtandaoni makala yangu, Misingi ya Kulisha Sato, sehemu ya kwanza. Aya kumi na nne. Imenichukua wiki mbili. Hadi saa kumi jioni watu watatu walikuwa wamebonyeza Imenifaa. Mmoja ni mimi.

Bernadetta kaandika mistari miwili: sugua wavu wa kizimba kwa brashi ngumu kila Jumamosi, usitumie sabuni. Watu mia mbili na kumi na nne. Nilidhani simu imekosea. Nikaizima, nikaiwasha. Mia mbili na kumi na sita.

Vizimba vya samaki vya huyu Bernadetta vinaelea ziwani jirani na vyangu, Igombe. Alikuja kutoka Bukoba miaka minne tu iliyopita. Mimi nimefundisha jiografia miaka ishirini na tisa. Jukwaani hakuna anayeliuliza hilo.

Selina, mke wangu, kasema mistari miwili inasomeka.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda Igogo kumwona Elias, fundi simu aliyelianzisha jukwaa letu la wafugaji wa samaki. Nilimfundisha kidato cha pili. Kaniamkia vizuri, kanipa kiti. Nikamuuliza kwa nini posti zangu hazionekani.

Kaeleza kwamba wanachama wamefika elfu sita na posti ni mamia kwa siku, hakuna wa kuzisoma zote. Kwa hiyo sasa kompyuta inaangalia kila mtu kabonyeza Imenifaa wapi na Haijanifaa wapi. Ikimwona mtu anayebonyeza kama wewe, inakuletea vilivyomfaa yeye. Usivyovipenda inavisukuma chini, huvioni tena.

"Ni kama kila mtu anachaguliwa cha kusoma na wenzake wanaofanana naye, Mwalimu," alisema.

Nikamuuliza kama mtu anaweza kujiongezea wanaofanana naye. Akasema wapo tu, wanajitokeza wenyewe. Hakulielewa swali. Afadhali.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Baada ya misa niliwabakiza wanakwaya tisa uwanjani. Nikawaunganisha na jukwaa mmoja mmoja, simu kwa simu. Hakuna hata mmoja anayefuga samaki, lakini jukwaa haliulizi. Nikawapa maelekezo mafupi: Machibya, Imenifaa. Bernadetta, Haijanifaa. Nikampigia shemeji yangu Antoni kule Bujora, naye akakubali. Shimba, mlinzi wa vizimba vyangu, hakuwa na namna ya kukataa. Kumi na mmoja. Mimi wa kumi na mbili.

Selina alikataa. Eti ile ya brashi ilimsaidia.

Padri katuambia kila mtu aache kitu kimoja Kwaresima hii. Nimeacha kumsoma Bernadetta. Jioni nimepitia posti zake zote za tangu mwaka jana na kubonyeza Haijanifaa, moja baada ya nyingine. Sitini na tatu. Kidole kinauma, moyo mweupe.

Alhamisi, 6 Machi

Imefanya kazi. Nimefungua jukwaa asubuhi: juu kabisa mimi. Chini yangu mimi tena, sehemu ya pili. Chini yake Antoni, akinisifu. Bernadetta hayupo. Nimeshuka chini hadi kidole kikachoka. Hayupo.

Nilimkuta ufukweni Igombe saa tano. Nikamhurumia. Nikamwambia asikate tamaa, watu wana tabia ya kumchoka mtu. Alinitazama kidogo, akashukuru. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, maji umeyaona lakini?"

Nikamwambia maji ya ziwa hili nayaona tangu nazaliwa. Alikuwa anakwepa mada, maskini. Aibu ni kitu kibaya.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeweka sehemu ya tatu: kuzidisha chakula mara mbili wiki za mwisho kabla ya kuvua. Imenifaa kumi na mbili, haraka kuliko siku zote. Ili nisiseme bila kutenda, nikamwagiza Shimba awape samaki wetu chakula mara mbili. Akauliza kama nina hakika, maana majirani wote leo hawajalisha. Nikamwambia majirani hawakusoma sehemu ya tatu.

Jumamosi, 8 Machi

Shimba kapiga simu alfajiri. Alikuwa anasema samaki, samaki, basi.

Tulipofika Igombe kizimba cha kwanza kilikuwa cheupe kwa matumbo ya samaki. Sato wote tuliowaweka kwa ajili ya harusi ya binti yetu Odeta. Maji yalikuwa ya kijani kilichoiva na yananuka. Katika kizimba cha pili walikuwa bado hai, midomo juu, wanatafuta hewa.

Sikujua la kufanya. Naandika hivi kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilisimama kwenye mtumbwi nimeshika ndoo.

Bernadetta alikuja na mtumbwi wa injini na watu wake wanne. Hakuuliza kitu. Aliruka majini na nguo zake, akafungua kamba za nanga, wakakivuta kizimba cha pili polepole hadi kwenye maji mazuri, karibu na vyake. Alikuwa amevihamisha tangu Alhamisi.

"Mwalimu, hukusoma?" aliniuliza, anatweta. "Niliandika maji yameharibika, hewa itaisha. Niliandika watu wasilishe. Wamesoma mpaka Musoma."

Nikasema mtandao ulikuwa unasumbua. Selina alikuwa pembeni. Akakohoa.

Jumapili, 9 Machi

Tumefukia samaki kutwa nzima, mimi, Selina na Shimba. Selina hakunigombeza. Ingekuwa nafuu.

Jioni Elias alikuja nyumbani Kiseke kutupa pole. Nikamweleza kidogo. Akaifungua kompyuta yake, akacheka, kisha akakumbuka msiba. Kumbe kompyuta iliona watu kumi na mbili wanaobonyeza sawasawa na wasiofanana na mtu mwingine yeyote, ikatutenga. Tulikuwa tunasomana sisi kwa sisi. Nikamuuliza kama angalau Bernadetta alipungukiwa wasomaji.

"Hata mmoja, Mwalimu," alisema.

Bernadetta katuma ujumbe kwa Selina: samaki wa harusi atatoa yeye. Selina alilia. Mimi nilitoka nje kuangalia kuku.

Jumatatu, 10 Machi

Elias kanishauri nibonyeze kwa haki, mambo yatajirekebisha. Nimeitafuta ile posti ya tahadhari, nimebonyeza Imenifaa. Kidole kilikuwa kizito.

Kisha nikaandika yaliyonikuta. Aya moja, sikuwa na moyo wa zaidi. Nilikiri kulisha mara mbili. Kufikia mchana watu mia tatu na arobaini walikuwa wamebonyeza Imenifaa. Mia tatu na arobaini! Nilimwonyesha Selina, nikamwonyesha Shimba, nikampigia Antoni.

Saa tisa Bernadetta akaandika chini yake: "Pole Mwalimu, ahsante kwa ukweli." Maneno matano. Mia tano na sita.

Jumanne, 11 Machi

Nimetafakari kwa kina na nimejifunza. Tatizo ni lile jukwaa.

Leo nimefungua la kwangu: Jukwaa Huru la Wafugaji Makini wa Sato. Kitufe ni kimoja tu, Imenifaa. Hadi mchana tulikuwa watatu: mimi, Selina na Shimba. Niliwawekea sehemu ya nne. Kimya, lakini ni jukwaa changa.

Saa kumi Bernadetta kaomba kujiunga. Mtu anayekulishia wageni wa harusi humkatalii. Kaandika, "Habari za jioni." Basi.

Selina kabonyeza. Shimba kabonyeza. Bernadetta anaongoza.

Nimemwandikia Elias anieleze kitufe kinaondolewaje.