Udongo wangu umehamia kwa Venant

Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 1976
Chef wa avenue yetu hapa Kasha, mukubwa wa mutaa, citoyen Bisimwa, ametangaza salongo, kazi ya lazima kwa wote: mbele ya Jumamosi kila mutu achimbe mutaro katika kiwanja cha parsele yake. Juu ya erozioni, anasema. Mulima wetu unakwenda ziwani kidogo kidogo. Mutaro ulale kwa kukingama mulima, usishuke. Wangu, meta makumi mbili! Na mugongo wangu huu.

Muke wangu Bibiane amenionya. Mboga zake za lengalenga na mateke yake, yale majimbi, yako pale, ndiyo tunakula, nisije nikacheza nayo.

Jumanne, 5
Nimeazima daftari ya jeografia ya binti yetu Colombe. Maneno matamu. "Courbe de niveau": musitari unaozunguka mulima bila kupanda wala kushuka. Nimeelewa mara moja: ni kazi ya watu wenye wakati. Mutaro wa kushuka moja kwa moja ni meta sita tu. Tena unaelekea kwa Venant, jirani wa chini, aliyemaliza wake zamani na kupanda matete pembeni. Mutu wa kujipendekeza. Maji yangu yatamutembelea.

Colombe akasema picha ya daftari haiko hivyo. Nikamujibu ile ni milima ya Ulaya. Kufika saa sita nilikuwa nimemaliza.

Alhamisi, 7
Mvula. Mutaro wangu umekuwa shimo la kufika kiunoni. Lengalenga zimekwenda. Mateke yamekwenda. Nilikimbiza moja mpaka kwenye uzio wa lupango, likanishinda. Colombe akasoma kwamba maji ya kukimbia juu ya udongo yanaitwa "ruissellement". Sikumushukuru.

Bibiane alipika bugali, na mahali pa mboga akaniwekea daftari.

Ijumaa, 8
Nimechungulia kwa Venant. Mutaro na matete yake yamekamata kila kitu. Udongo wangu wote, mweusi, muzito, umelala kwake, na mateke yetu yamesimama ndani. Hiyo ni "sédimentation". Mimi ninaiita wizi.

Nikaenda kudai. Akanipa kiti, akaniita Papa Colombe kwa heshima, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Akasema udongo hakuuita, ulijileta. Nimepeleka shauri kwa chef.

Jumamosi, 9
Citoyen Bisimwa amehukumu mbele ya avenue nzima: nina haki, udongo ni wangu. Nikapeana mikono na watu. Halafu akaongeza: basi niubebe, kitunga kwa kitunga, mpaka kwangu, na mutaro niuchimbe upya, wa kulala.

Nimepanda ule mulima mara makumi tatu na moja. Venant alijaza vitunga, na alivijaza sana. Bibiane amerudisha mateke yake mahali pake, na jioni amecheka. Nilifurahi mpaka nikasahau mugongo.

Jumapili, 10
Misa imenipita. Mugongo. Nimelala ninafikiri.

Udongo unashuka kwa mutu wa chini. Si mimi ninasema, ni daftari. Sasa, juu yangu anakaa nani? Papa Déogratias. Udongo wake ni mweusi kupita wa wote, na umefungwa na mutaro mumoja tu. Ukitobolewa kidogo, pembeni, kwa jembe moja, utajileta wenyewe.

Mawingu yanakusanyika upande wa Kabare. Nimemuomba Colombe daftari tena, amekatala. Haizuru. Nimekwisha kujifunza.