Mistari Arobaini ya Meneja

Asali aliziona bangili kabla hajamwona mama mwenye nazo. Zilikuwa sita, za rangi ya dhahabu, zikigongana juu ya meza ya kioo ya duka la dawa. Mkono uliozivaa ulikuwa umeshika bomba la sindano, ukilisogeza karibu na jicho kisha mbali.

“Mwanangu, nisomee mistari hii,” mama alimwambia muuza dawa. “Macho yamechoka, na paka wangu ana kisukari. Nikikosea kipimo nimemwua.”

Muuza dawa alikuwa na foleni. Asali alikuwa na nafasi. Jina hilo alipewa mjini kwa sababu ya ulimi wake, na wengi waliousikiliza walirudi nyumbani bila viatu.

“Shikamoo mama. Mimi ni daktari wa wanyama.”

“Marahaba. Unatoza kiasi gani?”

“Nitoze? Paka mgonjwa si biashara, mama. Nitakuja bure, asubuhi na jioni.”

Sisi tuliokaa mjini tunajua: ukiambiwa bure, shika mfuko wako. Mama yeye alimshika Asali mkono, akamshukuru karibu kulia.

Nyumbani kwa mama kulikuwa na cherehani, maana alikuwa fundi wa nguo mstaafu, na juu ya kabati palikuwa na kopo la biskuti. Kabla ya kunawa mama alivua bangili, akazitia humo, akafunga. Asali alipiga hesabu zake: hatua nne hadi kabatini, sita hadi mlangoni. Kilichobaki ni mama kutoka chumbani dakika moja tu.

Kisha mgonjwa akaletwa. Aliitwa Meneja, paka mnene wa kijivu, mwenye uso wa mtu aliyekwisha kuamua nani afukuzwe kazi. Asali akachomoa kutoka mkoba wake wa ngozi bomba alilonunua njiani.

“Hilo la watu,” mama alisema kutoka upande wa pili wa chumba. “Lina mistari mia. Insulini ya Meneja ni ya bomba la mistari arobaini. Ukipima mistari miwili kwa hilo utampa chini ya nusu, na sukari itampanda. Chukua lenye kifuniko chekundu.”

“Nilikuwa nakujaribu, mama.”

“Nimefaulu?”

“Kwa alama za juu.”

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza macho yaliyochoka yameonaje mbali hivyo. Asali alikuwa anatazama kopo.

Mama akamfundisha kazi aliyodai kuijua. Chupa hubingirishwa viganjani, haitikiswi. Bomba hushikwa usawa wa jicho, likagongwa kwa ukucha mpaka povu litoke, na dawa iishie mstari wa pili barabara. Lakini kwanza kabisa, paka awe amekula. Asali alichoma, na Meneja akamng’ata kidole gumba.

Dakika ile moja haikuja ng’o. Mama alishona, alikunja, alisali, vyote chumbani humo humo. Asali, ambaye hakuwahi kuliona jua likichomoza, akawa anafika saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Aliacha kumuuzia tajiri mmoja kiwanja kisichokuwepo kwa sababu miadi iligongana na sindano. Wiki ya tatu alikuja na homa, kwenye mvua, akamgombeza Meneja kwa kubakiza chakula.

Siku za mwizi ni arobaini, na bomba la Meneja lilikuwa na mistari arobaini. Jioni ya siku ya arobaini mama alivaa vizuri, mikono mitupu.

“Natoka kidogo, daktari. Nimeazima mkoba wako wa ngozi. Wangu umekatika mkanda.”

Hatua nne, hatua sita. Kopo lilikuwa kwapani na kitasa mkononi saa ya sindano ilipotimia. Meneja alikuwa amemaliza kula, amekaa kando ya bomba, anamtazama.

“Usinitazame hivyo. Una mama yako.”

Lakini hiyo “kidogo” ya mama haikuwa na saa. Asali alilaani, akaweka kopo chini, akapima. Povu. Akapima tena, mbili barabara. Aling’atwa palepale pa siku zote, akafurahi, na furaha hiyo ilimuudhi sana.

Kwenye kona ya mtaa alifungua kopo. Rangi ya bangili ilibanduka kwa ukucha, chini yake bati. Chini ya bangili palikuwa na ufunguo wa nyumba na barua.

“Mwanangu, macho yangu hayana neno. Tatizo ni meno ya Meneja: wauguzi watatu wa kweli wameyakimbia. Nilihitaji mtu mwenye sababu ya kurudi kila siku, na hakuna anayerudi kama mwizi ambaye hajaiba bado. Nimepima watu maisha yangu yote. Wewe nilikupima siku arobaini. Ulipokuja na homa, nikakata tiketi. Nipo kwa dada yangu wiki mbili. Mkoba wako mzuri, asante. Ukikimbia sitakushtaki, ila Meneja hana mtu mwingine.”

Asali alitukana, akacheka, akatukana tena. Miguu alikuwa nayo, na mji ulikuwa mpana.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, jirani wa mama alisikia sauti ya mwanamume ng’ambo ya ukuta.

“Kula kwanza, mzee. Bila kula sikuchomi.”

Kisha ukasikika ukucha ukigonga bomba, na baada yake yowe fupi la mtu aliyeng’atwa kidole gumba.